Utangulizi wa Elimu ya Wanawake wa Hataza: Spishi Zipatikanazo Ilomba na Viunga Vyake

Kila mwanazuoni anayejiheshimu huanza kwa kutaja mipaka ya eneo lake. Eneo letu ni Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, ambako grainda huamka kabla ya jogoo. Kiumbe anayechunguzwa ni mwanamke wa hataza za uhandisi: anayejua mashine inafanyaje kazi na anayejua sheria inasemaje kuhusu mwenye kuibuni. Akifika mwisho wa safari yake, kibao chake kitasomeka "Mhandisi, Wakili Msomi", na fundi atalazimika kupanua mlango ili kienee.

Kibao hicho bado hakijaonekana Ilomba, na wapinzani wangu wa kitaaluma wamekwisha kuandika kwamba spishi yenyewe haipo. Hoja yao ni dhaifu. Viungo vyote vya kiumbe huyu vipo, tatizo ni kwamba vinaishi mbalimbali. Kichwa kipo Iyunga, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kupata hadhi ya chuo kikuu 2012. Ulimi upo kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Mzumbe, inakofundishwa sheria. Na ulimi wa akiba upo Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, katika Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Kikatoliki cha Ruaha. Mikono ipo hapahapa Ilomba, imeshika mashine ya kuchomelea.

Kutoka MUST hadi Mzumbe ni nauli ya bajaji. Kwa miaka, hata hivyo, umbali huo hauna bajaji. Uhandisi ni miaka minne. Sheria ni mitatu au minne mingine. Kisha kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ambayo mwaka 2022 iliitikisa nchi pale watahiniwa 26 tu kati ya 633 walipofaulu bila kurudia somo hata moja. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mtoto wa Kyela, hivyo Nyanda za Juu Kusini haziwezi kulalamika kwamba hazikushirikishwa. Mwanamke anayepita njia hiyo yote huanza kuandika hataza katika umri ambao shangazi zake wamekwisha kukata tamaa ya kumuuliza habari za harusi.

Sasa uainishaji.

Spishi ya kwanza ni Mhandisi Mtoro. Amehitimu uhandisi mitambo, ameshika spana, na siku moja akagundua kwamba anafurahia zaidi kueleza mashine kuliko kuitengeneza. Ndugu zake humwona kama mtu aliyeasi. Nguvu yake ni kwamba hadanganyiki na mchoro. Udhaifu wake ni kwamba anajua mno: huandika maelezo ya ukurasa mzima kuhusu beringi ambayo hakuna aliyeibuni hapa, na kusahau kutaja kile kipande kidogo cha bati ambacho ndicho uvumbuzi wenyewe.

Spishi ya pili, Mwanasheria Muulizaji, ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Hajui kutofautisha nati na boliti. Riziki yake ni kusajili majina ya biashara na makampuni katika mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala aliyebeba pia daftari la hataza la Tanzania Bara. Siku mteja anapomletea mashine ya kupukuchua mahindi, silaha yake pekee ni maswali.

"Mama, hii ni feni ya kupuliza makapi," fundi anamwambia.

"Ukiitoa, je?"

"Makapi yanabaki."

"Na mwenzako pale ng'ambo akiweka chekeche badala ya feni?"

Fundi hunyamaza. Katika kimya hicho ndimo taaluma nzima ilimolala. Hataza hulinda kile kilichoandikwa kwenye madai, na dai likisema "feni", jirani mwenye chekeche yuko huru kama ndege. Likisema "kifaa cha kutenganisha nafaka na makapi", jirani huyo atafikiri mara mbili. Lakini likipanuliwa kupita kiasi, mchunguzi atauliza kwa haki tofauti yake na mashine zote zilizowahi kupukuchua mahindi tangu injini ya dizeli ifike nchini. Kuandika dai ni kusogeza uzio usiku huku majirani wote wakiwa macho. Nimefikia msimamo, ambao niko tayari kuutetea katika kongamano lolote lenye chai, kwamba asiyejua boliti huuliza vizuri zaidi, maana hakuna anachokichukulia kuwa wazi.

Hapa naweka tanbihi katikati ya ukurasa. Nchi iliyompa Julie Manning Wizara ya Sheria mwaka 1975 haiulizi tena kama mwanamke anaiweza sheria. Mashaka ya wateja wa Ilomba yako kwenye beringi tu. Mzee wa karakana atamkabidhi binti hati ya kiwanja chake bila kusita, kisha amtafute kijana wa kiume amweleze shafti inavyozunguka.

Vielelezo vya kale vipo, ila vya kigeni. Florence King wa Chicago alisajiliwa kuwa wakili wa hataza mwaka 1897, akausomea na uhandisi, na mwaka 1923 akashinda kesi ya hataza katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kwa kulinganisha nyakati, mwaka alioandikishwa, Mkwawa alikuwa bado anawasumbua Wajerumani huko Iringa.

Spishi ya tatu, ya Posta na Masaki, haitatuchelewesha. Hushughulika zaidi na majalada ya kampuni za nje na hufika Mbeya kwa ndege.

Spishi ya nne inapuuzwa isivyo haki. Ni Mchunguzi. Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao Harare, hupokea maombi ya hataza kwa niaba ya nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, kwa mujibu wa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Anayekaa kupima kama uvumbuzi ni mpya anahitaji kwanza sayansi au uhandisi. Uwakili si sharti lake. Kwa binti wa MUST huu ndio mlango mfupi kuliko yote, na tangu 2008 Chuo Kikuu cha Afrika kule Mutare kinatoa shahada ya uzamili ya miliki ubunifu. Kwa nini anaonyeshwa daima ule mrefu ni suala la wataalamu wa milango.

Ya tano haina shahada. Ni Mama wa Kaunta Buku, aliyekaa mlangoni mwa karakana akiandika nani ameagiza nini, lini, na mara nyingi amechora pembeni namna ngoma ilivyobadilishwa. Siku ugomvi ukizuka kuhusu nani alianza, hakuna hati Ilomba nzima yenye thamani kama daftari lake. Wagawaji wa spishi humtenga na taaluma. Mimi namweka kwenye shina lake.

Adui wa asili wa spishi zote ni mwezi wa Agosti. Maonesho ya Nane Nane yakifunguliwa katika viwanja vya John Mwakangale, fundi huipeleka mashine yake, huifungua kifuniko mbele ya kamera, humweleza mkuu wa mkoa kila jino la ngoma, na hurudi na cheti cha ushiriki. Upya ni sharti la kwanza la hataza, na sheria huwasamehe waliotangulia kujitangaza kwa masharti finyu na kwa miezi michache tu. Cheti cha ushiriki hakimo katika masharti hayo. Spishi ya kwanza hulia siku hiyo. Ya pili huuliza ni tarehe ngapi hasa.

Wenye uvumbuzi mdogo wana njia ya kando: sheria ya hataza ya mwaka 1987 inatoa pia cheti cha miaka 7 kwa kitu kipya chenye matumizi viwandani, bila kudai hatua kubwa ya kiuvumbuzi. Karakana nyingi za Ilomba zingetosha humo. Wateja hawakipendi kwa sababu jirani akisikia "miaka 7" huamua kusubiri.

Limebaki tatizo moja la uainishaji. Ni mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho aliyemwomba msimamizi asiipeleke maktaba ripoti ya mradi wake, kwa hoja kwamba rafu inayofikiwa na kila mtu ni kutangaza. Hana digrii ya sheria, hana hata ya uhandisi bado, na hoja yake ni sahihi. Kwa muda nimemsajili miongoni mwa jamii zenye utata, hadi atakapolipa ada ya maombi.