Kopo la Bluu na Siri ya Iliki

(Jikoni, Mji wa Kale, Mombasa. Usiku wa kuamkia Idi. Mezani wamekaa Samli, Sukari na Unga. Kabatini yuko Kopo la bluu, aliyekuja kutoka Denmark miaka mingi iliyopita akiwa na biskuti tumboni.)

KOPO: Jamaa, kesho wageni watanitazama mimi. Someni kifuniko: siagi tupu!

UNGA: Tumesoma. Juzi mtoto wa jirani kakufungua, kakuta sindano, vifungo na uzi mweusi. Akalia hadi futari.

KOPO: Mtu wa heshima hapekuliwi tumboni.

SAMLI: Mwache. Sukari mwanangu, umesagwa ukalainika? Haya, kikombe kwa kikombe, tupigwe pamoja mpaka tuwe weupe. Kisha Unga aingie, vikombe viwili, kidogo kidogo.

UNGA: Nikizidi je, Bi Samli?

SAMLI: Biskuti zetu za nankatai zitakuwa matofali. Ukipungua, zitatandaa kama chapati za maji.

SUKARI: Na Iliki?

UNGA: Yumo kinuni, anatwangwa. Huyo hajawahi kutunza siri.

KOPO: Wewe Samli, mwaka jana hukuchanganywa na mafuta ya kukaangia?

SAMLI: Nilichanganywa, sikatai. Bei ilipanda. Lakini sikujiandika usoni kuwa ni tupu.

KOPO: Ndiyo shida yenu watu wa hapa hapa. Mimi nimevuka bahari!

SAMLI: Hata nankatai asili yake Gujarat. Ila mgeni siku ya tatu hupewa jembe, nayo ilishalishika. Wewe ulipewa sindano. Hiyo si aibu, Bwana Kopo. Aibu ni kuikana.

(Viduara vyapangwa kwenye trei. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko, moto wa wastani. Zaidi kidogo ya robo saa.)

UNGA: Ole wangu, nimepasuka uso!

SAMLI: Ndio uzuri wenyewe. Wala tusiguswe sasa, bado tu laini. Tutakazana tukipoa.

(Usiku wa manane mama mwenye nyumba anamwaga sindano kwenye bakuli, anafuta Kopo, anapanga nankatai ndani.)

KOPO: Mwaona? Mwishowe mmeingia tumboni mwangu!

(Asubuhi, baada ya sala. Wifi mtu anafunua Kopo, anatia moja kinywani.)

WIFI: Alaa! Za ng'ambo hizi?

(Mama anatabasamu, anamimina kahawa.)

WIFI: Wenzetu hawa wanajua kuoka! Sisi huku, wapi!

KOPO: Mmesikia?

SAMLI: Ngoja ameze.

(Wifi anatafuna ya pili. Taya zinapunguza mwendo. Anageuza kifuniko, anakisoma, anamtazama mwenyeji wake.)

WIFI: Wifi yangu, hao wa Denmark wameanza lini kutia iliki?

(Kimya. Kahawa inafurika kikombeni.)

ILIKI: Mnisamehe. Nilijitahidi.

KOPO: (kwa sauti ndogo) Nirudishieni sindano zangu.