Namna ya Kuishi kwa Kikombe Ukiwa Mtwara

Mkoani Mtwara wapo watu wanaoishi kwa kinywaji peke yake, usiku na mchana, na wananawiri. Hawatafuni chochote. Ugali hawaujui, samaki hawamgusi, na ukiwapa ming'oko wataitupa chini. Hao ni watoto wachanga ambao hawajatimiza miezi 6. Maziwa ya mama yanawatosha kwa chakula na kwa maji, hata jua la Oktoba likiwaka vipi, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Basi hatua ya kwanza ya mwongozo huu ni kuhesabu umri wako. Kama miezi 6 haijakupita, endelea kunyonya. Kama imekupita, kaa kitako tuongee, maana una kazi.

Nawaelewa vijana wa mjini wanaotaka kuachana na jiko. Umepanga chumba kimoja, mkaa umepanda, umerudi kazini usiku, na kusonga ugali wa mtu mmoja kunachosha kuliko kulala na njaa. Mtu akikuambia kuna unga wa kopo, unaukoroga na maji, unatikisa, unakunywa na mlo umekwisha, lazima utege sikio. Wazo hilo limezunguka dunia. Mwaka 2013 Rob Rhinehart, mhandisi kijana wa San Francisco, alitangaza kwamba ameishi siku 30 kwa mchanganyiko wake wa unga, mafuta, vitamini na madini, na bidhaa yake akaiita Soylent. Uingereza nayo ikaleta Huel mwaka 2015. Na hospitali zetu zinajua kazi ya kikombe: mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kisha hupandishwa hadi F-100, na maelfu wamepona kwayo. Lakini daktari huyatumia hayo kumvusha mtoto hadi aweze kula chakula. Hakuna anayepanga mtoto akue nayo.

Wewe umeamua, nami nitakusaidia, ila kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa.

Anza na maji, kwa sababu mlo wa kunywa unadai maji safi kila saa ya kula. Mjini utayapata. Ukihamia Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, kumbuka kwamba ardhi ile ya mchanga huyanywa maji ya mvua yakazama mbali, na vizazi vya akina mama wameteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mtu wa huko hamalizi maji kwa kukorogea unga ambao angeweza kuusonga.

Kisha chagua kinywaji. Wengi hukimbilia dafu, na dafu ni zuri kwa mtu aliyekaukiwa. Tufanye hesabu. Mtu mzima anahitaji kalori kama 2,000 kwa siku, na maji ya dafu yana kalori zisizofika 20 katika mililita 100. Utahitaji zaidi ya lita 10. Hapo mkwezi wako atakuwa juu ya mnazi tangu alfajiri, nawe hutakuwa na nafasi ya kufanya kazi nyingine isipokuwa kunywa na kwenda msalani. Uji mwepesi una nafuu: gramu 100 za unga katika lita moja zinatoa kalori kama 350, kwa hiyo karibu lita 6 zitakutosha. Bado ni ndoo. Ukiongeza unga unakuwa mzito, na ukiwa mzito si wa kunywa tena. Umeshapika ugali bila kukusudia.

Dawa ya jambo hilo ipo, na ningependa kila nyumba iijue. Ni kimea. Wapika togwa wa kusini wanaitumia tangu zamani, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliifanyia kazi kwa ajili ya watoto, ambao matumbo yao madogo yanajazwa na uji wa maji kabla hawajashiba. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu hadi uchipue, uanike vizuri jua kali, kisha usage. Chagua ulezi, usichague mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi. Pika uji wako mzito kabisa, gramu 200 kwa lita, mwiko usimame wima. Uache upoe kidogo, maana moto mkali unaua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, subiri. Mbele ya macho yako ule uji unalegea, mwiko unaanguka pembeni, na ndani ya dakika chache unamiminika kama maziwa huku chakula kilichomo hakijapungua. Ladha inakuwa tamu bila sukari. Urudishe jikoni uchemke tena, uue vijidudu. Sasa lita zako 6 zimekuwa zisizofika 3. Hicho ndicho kinywaji cha mlo, na kimetoka kwenye mtungi wa bibi yako.

Nguvu umepata, ila mwili haujengwi kwa nguvu tupu. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 50 kwa siku, na kama uji wako ni wa muhogo, unga wake una gramu moja hadi mbili katika kila gramu 100. Hapa mkoa wetu unakuokoa. Gramu 100 za korosho zina protini kama gramu 18 na kalori kama 550. Nunua vipande, vile vilivyovunjika wakati wa kubangua, havigharimu kama nzima. Vioshe, viloweke, vitwange kwenye kinu au uvisage kwa blenda, uvikamue utoe tui, ukorogee kwenye uji. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya korosho za Mtwara huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, kisha mtoto wa mkulima anakunywa uji mweupe. Kabla ya gunia kwenda ghalani kusubiri mnada, sadolini moja ibaki nyumbani kwa ajili ya chungu.

Jioni, kunywa supu ya pweza. Maji yakitoka wakati wa bamvua, watu hutembea juu ya miamba wakichungulia mashimo, na pweza huyo jioni anachemka sufuriani kando ya barabara, ndimu imekamuliwa, pilipili imeelea. Supu yake inaingia kwenye kikombe bila ubishi. Tatizo ni kwamba protini nyingi imebaki kwenye vipande vya nyama, na muuzaji ataviweka na kijiti cha kuchomea. Vile navyo uvile. Najua vinahitaji meno.

Msimu wa korosho ukianza, kamua mabibo. Yana vitamini C kuliko machungwa, na mengi yanaozea chini ya mikorosho. Kunywa siku hiyo hiyo. Ukiyaacha yachachuke yatakuwa uraka, na uraka unahitaji mwongozo mwingine.

Jambo linalonifanya niandike haya yote ni hili. Kuishi kwa kitu kimoja kulishajaribiwa mkoani Mtwara, na waliokujaribu hawakuchagua. Mwaka 2002 na 2003 baadhi ya vijiji vyetu vilipatwa na konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipatwa mwaka 1981. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, ukiliwa wiki baada ya wiki bila kitoweo. Muhogo huo una sianidi. Mwili unaweza kuivunja nguvu, lakini kwa kazi hiyo unatumia salfa inayotoka kwenye protini: samaki, kunde, nyama. Ukame unapokuja, sumu kwenye muhogo inapanda, njaa inawafanya watu wafupishe siku za kukausha, na kitoweo kinatoweka, yote kwa wakati mmoja. Dagaa wachache tu kwenye sahani ni kinga. Kwa hiyo mtu mwenye pesa zake anaponiambia anatafuta kitu kimoja cha kula maisha yake yote, nawaona wale watoto.

Kama uji wako ni wa muhogo mchungu, fanya walichofundishwa wanavijiji baada ya maradhi yale. Njia hiyo iliandaliwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na wataalamu wa Tanzania wakaipeleka vijijini. Mimina unga wa makopa kwenye beseni, uusawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka, mwembamba, usifike unene wa sentimita moja. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu itaondoka kama hewa. Upike siku hiyo hiyo, maana unga mbichi haulali.

Kuna kikwazo cha mwisho, nacho hakipimwi kwa gramu. Pwani hii mtu hali bila kumkaribisha anayepita. Utapita Mikindani saa 7 mchana umeshiba kikombe chako, na bibi aliyekaa barazani na wajukuu kuzunguka sinia atakuita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu tule."

"Starehe, bibi. Nimeshakunywa."

"Umekunywa dawa? Unaumwa nini?"

Hapo eleza habari za San Francisco ukiweza. Ushauri wangu ni kunawa. Chukua matonge mawili ya ugali na kisamvu cha nazi, ushukuru, uende zako. Hata waliofunga mchana kutwa mwezi wa Ramadhani, wenye haki kuliko mtu yeyote ya kubugia kilichopo, hufungua kwa tende na kikombe cha uji wa pilipili manga, kisha wanasogea kwenye mihogo, mbaazi na samaki pamoja na wenzao. Uji unafungua njia, na wote wanajua nini kinafuata.

Ukifuata mwongozo huu barabara, siku yako itakuwa hivi: asubuhi uji wa ulezi wenye kimea na tui la korosho, mchana matonge ya bibi, alasiri glasi ya mabibo kama ni msimu, jioni supu ya pweza na vile vipande vyenye kijiti. Vikombe 3 kwa siku, nami nakuruhusu kujiita mtu wa kikombe mbele ya yeyote.

Na lile kopo ulilokwisha kulinunua usilitupe. Mpe babu asiye na meno akiwa mgonjwa na koo halipitishi kitu, baada ya kumuuliza daktari. Linalobaki liweke kwenye begi siku ya safari ya Dar es Salaam. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara pale Somanga, abiria walikwama njiani, na mahali kama hapo chakula kinachohitaji maji na mtikiso tu kina heshima yake. Likiisha, lioshe, likaushe kabisa, utunzie unga wa kimea. Mfuniko wake unabana vizuri na wadudu hawaingii.