Kuiandaa Carina Kuukuu kwa Mbio: Mwongozo kwa Vijana wa Kilibula

Anza kwa kung'oa redio. Najua inauma. Kijana wa Kilibula, hapa Uvira, akipata Toyota Carina ya miaka ya tisini, kitu cha kwanza ni spika mbili kubwa nyuma, kisha jina lake kwenye kioo, kisha bomba la moshi linatobolewa ili watu wote mpaka Mulongwe wajue kwamba amerudi nyumbani. Vyote vishuke. Spika zishuke, kiti cha nyuma kishuke, zulia, tairi la akiba, jeki, na kile kidumu cha mafuta kinachokaa kwenye buti "kwa dharura". Kilo unazotoa hazilipiwi hata faranga moja, nazo zinakusaidia kila mahali: gari jepesi huondoka upesi, hukata kona vizuri, husimama karibu na halimalizi tairi. Hakuna kifaa kinachouzwa Bujumbura wala Dar es Salaam chenye faida zote hizo.

Gari likiisha kuvuliwa, fundi atakuuliza, "Mdogo wangu, tufungue injini?" Mjibu kwa heshima, "Hapana, mukubwa, tufungue magurudumu kwanza, tuanze na breki."

Kasi ikizidi mara mbili, mzigo ambao breki inapaswa kuumeza huzidi mara nne. Gari linalosimama kutoka kilomita 120 kwa saa linaipa breki kazi mara nne ya lile linalosimama kutoka 60, na kazi hiyo yote hugeuka joto. Madereva wanaoteremka Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, wanaijua harufu yake. Uwanjani mteremko huo unarudi kila dakika moja au mbili, mizunguko kumi mfululizo, na hakuna mahali pa kuegesha chini ya mwembe ili magurudumu yapoe.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoamua mambo. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi; yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. DOT 4 huanza kwenye 230, na yakilowa hushuka mpaka 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu wako unafika sakafuni gari likiwa bado linakwenda. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana na kuzibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, hapa kwetu ufukweni, ni la kutupwa, hata kama limebaki nusu na fundi anakuapia kwamba ni zima. Nunua DOT 4 lililofungwa, ulifungue siku ya kazi yenyewe, ukamue mafuta ya zamani gurudumu baada ya gurudumu mpaka yatoke safi bila povu. Badilisha kila mpira wa breki wenye nyufa. Plaketi zako za breki ziwe nzuri kuliko zote utakazomudu, na kama pesa ya rangi ikikosekana kwa sababu hiyo, gari likimbie na rangi tatu.

Kuna mashindano Marekani yaitwayo 24 Hours of Lemons, yaliyoanza mwaka 2006 kwa ajili ya magari mabovu ya watu wa kawaida. Gari halitakiwi kuzidi thamani ya dola 500. Lakini breki, tairi, kizimba cha chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka, kiti na mikanda havihesabiwi katika hizo dola 500. Nakubaliana na sheria hiyo kwa moyo wote, na ningependa ibandikwe katika kila gereji kuanzia Kavimvira hadi Kalundu: bana pesa kwenye mwendo, usibane kwenye kinachokurudisha kwa mama yako.

Tairi nyingi tunazofunga zimekuja zikiwa zimetumika. Muuzaji atakuonyesha meno yake, na meno yatakuwa marefu kweli. Wewe pinda mgongo usome ubavuni, penye herufi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Raba ya umri huo imekauka. Ikipata joto la mbio inateleza, na inaweza kuachana na waya zake. Mimi sikimbii na tairi lililopita miaka sita, na sibishani na mtu kuhusu hilo.

Sasa maji. Ziwa Tanganyika liko hapo mlangoni, na ni jambo la kawaida kumwona mtu akichota ndoo na kujaza rejeta. Ziwa letu lina chumvichumvi nyingi, hasa ya magnesi. Injini ikipata moto, hiyo hubaki ndani kama ukoko na kuziba njia nyembamba za rejeta. Tumia maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke, yale yale yanayowekwa kwenye betri, pamoja na dawa ya kupozea. Na kama fundi aliyetangulia alitoa themostati ili "injini ipumue", irudishe. Injini isiyofika joto lake hupewa petroli kupita kiasi, hula mafuta yake na kusagika mapema. Petroli nayo usiinunue kwenye chupa ya Kadafi, yule muuza petroli wa kona, kwa siku ya mbio. Hujui imechanganywa na nini.

Kizimba cha chuma ndicho kitakachowapa kazi ndugu zetu wa kuchomelea. Mikono yao ni mizuri, mageti yao yanasimama miaka, ila geti halijapinduka kwa kilomita 100 kwa saa. Usiwaletee bomba la maji lililopakwa zinki: moshi wake unawaumiza, na zinki ikibaki kwenye mshono inaudhoofisha. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinadai upinde mkuu wa kizimba uwe bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2.0. Likikosekana Uvira, subiri lipatikane. Betri ifungwe kwa chuma, pawe na swichi ya kukata umeme inayofikiwa kutoka nje, na kizima moto kiwe karibu na mkono. Kofia ya motari, yaani dereva wa pikipiki, haitoshi, kwa kuwa kitambaa chake cha ndani hakikutengenezwa kustahimili moto. Sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kuelezwa moto wa petroli ni nini: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange na zaidi ya watu 200 wakafa.

Usukani wa kulia uache ulipo. Barabarani unatusumbua, maana tunaendesha upande wa kulia na unamhitaji abiria akuchungulilie kabla ya kulipita lori. Uwanjani abiria hayupo, na hakuna anayekuja mbele. Viwanja vingi duniani huzungukwa kwa mwendo wa akrabu za saa, hivyo kona nyingi ni za kulia, na uzito wa dereva unabaki upande wa ndani wa kona, ule unaotaka kuinuka. Carina yetu ya Japani imezaliwa na faida hiyo.

Atatokea mtu wa kukwambia kwamba gari kuukuu haliwezi. Mwambie kuhusu Joginder Singh, fundi wa Kenya aliyekulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Akibisha, mwambie kuhusu Peugeot 404. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari saba tu yalifika mwisho wa Safari, na miaka yote miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404, gari la familia.

Mahali pa kukimbilia ndilo swali gumu. Uvira haina uwanja wa mbio. Uganda wana uwanja wa Busiika, Rwanda wana Mountain Gorilla Rally, sisi tuna Barabara ya Taifa namba 5, na hiyo ni ya akina mama wanaotoka sokoni, watoto wa shule na motari mwenye abiria wawili. Anayeshindana pale ameiba njia ya wengine, na siwezi kumwita mwanamichezo. Usalama ukiruhusu, tafuta kiwanja kitupu katika uwanda wa Ruzizi, omba ruhusa kwa mwenye ardhi na kwa chefu wa mtaa, weka watu wa kuzuia watoto na mbuzi, panga chupa zilizojazwa mchanga na kupita katikati yake gari moja moja, muda ukipimwa kwa saa ya mkononi. Mbio za kweli huanza hivyo, na hapo utajua kama unajua kuendesha.

Siku ya kwanza, zunguka mara tatu kwa nusu ya mwendo, usimame, ufungue boneti. Tafuta mafuta yanayovuja. Zunguka tena mara tano kwa mwendo wako wote, kisha mzunguko mmoja polepole bila kugusa breki, ili zipoe. Usivute breki ya mkono zikiwa za moto. Gari likishapoa, toa magurudumu yote manne na upime unene wa plaketi. Ukikuta za kushoto zimelika kuliko za kulia, pistoni ya upande mmoja inakwama. Isafishe, ubadilishe mpira wake, na ukamue mafuta upya kabla ya kurudi kiwanjani.