Corolla na Tanakali za Sauti

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili huku Ewuaso Kedong, na kila mwaka Kidato cha Pili kilikuwa kikifika kwenye tanakali za sauti. Mtu huanguka mchangani tifu, matopeni tapwi, majini chubwi. Nazijua zote. Ndiyo maana niliona haya siku fundi mmoja wa Ngong aliponiuliza, "Inalia aje, Mwalimu?"

Nikafikiri. Nikakohoa. "Inalia... vibaya."

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya 1998, otomatiki. Liliingia nchini likiwa na miaka 8, umri wa mwisho ambao Kenya inaruhusu gari kuukuu kushushwa bandarini, kwa hiyo Mombasa lilifika kama mstaafu anayetafuta kazi ya ulinzi. Kazi aliyoipata mzee huyu ni kupanda na kushuka Ngong: juu Kibiko kwenye baridi, halafu chini Bonde la Ufa, ambako vumbi la upande wa Suswa ni laini kama unga wa muhogo na huingia hata kwenye thamosi ya chai iliyofungwa.

Ubaya wa gari langu ni kwamba safari nzima linapiga kelele, lakini likiona ovaroli yenye grisi, ji! Unabaki umesimama hapo kama mtu aliyempeleka mtoto hospitalini akiwa hoi, na mtoto anacheza na kiatu cha daktari. Fundi hakunicheka. Aliingia chini, akatoka na kidole cheusi. "Buti imepasuka. Jointi imekwisha."

Jointi ya shafti, kwa asiyeijua, ni kikombe cha chuma chenye gololi 6 ndani, kinachoiwezesha shafti kuzungusha gurudumu hata gari likikata kona. Gololi huogelea kwenye grisi, na raba iitwayo buti huizuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Buti ikipasuka, vumbi la Suswa linakuwa msasa. Alinifungia jointi mpya. Nikalipa, nikaondoka nikipiga mluzi.

Sijafika Kimuka, du!

Nilimtukana yule fundi kwa methali hadi nyumbani, tena zile ambazo hazimo kwenye silabasi. Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa fundi. Jirani alisema ni bushi. Mwenye duka alisema ni shoku, na kwa bahati shemeji yake alikuwa anauza shoku. Mzee mmoja niliyempa lifti na mbuzi wake alisema gari limechoka, lipumzike siku mbili. Nililipumzisha. Nikabadilisha bushi pia. Du ikabaki palepale, mbichi.

Ndipo nikasahihisha kazi ya tanakali. Nilikuwa nimewaambia watunge sentensi, nikijiandaa kusoma "alianguka pu" mara arubaini. Mvulana mmoja akaandika: "Gari la mwalimu lilikuwa likikata kona ka-ka-ka-ka, lakini siku hizi limeacha. Likiondoka getini hupiga du mara moja, na akiweka rivasi hupiga du tena."

Nikampa alama zote, nikageuza ukurasa, kisha nikaurudisha upesi. Kumbe milio ilikuwa miwili! Mimi, mwalimu wa sauti, nilikuwa nimeifanya mmoja.

Nililipeleka daftari kwa fundi wetu wa hapa Ewuaso, anayefanyia kazi chini ya mgunga. Alilisoma kwa utulivu, kama daktari na karatasi ya maabara, akafungua boneti. "Mwalimu, kanyaga breki, vuta handibreki. Weka D. Sasa R." Nikatoa kichwa dirishani. Injini iliinuka upande mmoja kama mbuzi anayefikia majani ya juu, halafu ikajibwaga: du!

"Maunti," akasema, bila hata kuinama.

Maunti ni raba nene iliyokaa kati ya injini na bodi, ili mtikisiko wa injini uishie hapo. Yangu ilikuwa imechanika, chuma kinabisha hodi kwa chuma. Aliweka kipande cha ubao juu ya jeki ili asibonyeze sampu, akainua injini kidogo, akafungua bolti, akanipa maunti kuukuu mkononi. Ilikuwa vipande viwili, kama andazi lililogawanywa na ndugu wasiopendana. Moyoni nikamwomba radhi fundi wa Ngong. Kazi yake ilikuwa safi. Mgonjwa ndiye aliyeficha ugonjwa wa pili.

Asubuhi iliyofuata niliingia getini kimya kabisa. Nusu ya Kidato cha Pili walikuwa nyuma ya bweni wakicheza mpira wa makaratasi, saa mbili na robo, kipindi changu. Mwenye daftari alikuwa golikipa.

"Mwalimu," akasema, mpira ukiwa bado mkononi, "leo hatukusikia du."

Wenzake wote wakageuka kumtazama.