Wa Katikati Hana Mtetezi

Mimi na SQL hatuna ugomvi, mpaka bosi atake cha katikati. Akitaka risiti ndogo kuliko zote, kuna MIN. Akitaka kubwa, kuna MAX. Lugha hii ya kuulizia databesi ilianza pale IBM mwaka 1974, kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na hadi leo wakubwa na wadogo wanaitwa kwa neno moja. Wa katikati mpaka uitishe kikao.

"Mwanangu, nitolee risiti ya katikati kwa kila tawi," anasema mama bosi. "Kitu kidogo tu."

Jirani yangu wa meza akadakia: "Kaka, si umpe wastani yaishe?" Wastani! Chukua tawi lenye risiti tano: shilingi 10,000, 12,000, 15,000, 18,000, halafu moja ya 900,000 ya mtu aliyebeba jokofu na televisheni. Wastani wake ni 191,000, pesa ambayo hakuna mteja hata mmoja aliyeilipa. Ya katikati ni 15,000, na mwenyewe yupo, ukimtafuta utampata.

Sasa kumpata. Wa kwanza kwenye foleni unamwona tu kwa macho. Wa katikati mpaka uhesabu foleni nzima. Na jedwali la databesi halina hata foleni, mistari imekaa ilimradi imekaa. Kwa hiyo unaipanga kwa ORDER BY, unaigawia namba kwa ROW_NUMBER, na PARTITION BY inahakikisha kila tawi linaanza upya na moja. Risiti mbili zikilingana bei, ongeza namba ya risiti kwenye mpangilio, la sivyo leo atatoka huyu na kesho yule. Kisha COUNT ikuambie tawi lina risiti ngapi.

Umemaliza? Thubutu! Ukiweka sharti la kumchagua wa katikati kwenye WHERE papo hapo, inagoma: yenyewe hufanya kazi kabla namba hazijagawiwa. Inabidi swali zima ulifunge ndani ya swali jingine.

Halafu inakuja hesabu ya darasa la tatu: idadi jumlisha moja, gawanya kwa mbili. Risiti tano, unapata ya tatu. Risiti nne, unapata mbili na nusu. PostgreSQL inaikata nusu kimyakimya, inakupa ya pili. MySQL ni mwaminifu kupita kiasi: inakwenda kutafuta mstari namba mbili na nusu, haiuoni, na tawi zima linatoweka kwenye ripoti bila hata onyo. Meneja wa tawi anapiga simu kuuliza kama wamefungiwa. Dawa ni FLOOR, lakini nani anakumbuka dawa kabla ya kuugua?

Wajuzi wataniambia Oracle ina MEDIAN na PostgreSQL ina PERCENTILE_DISC. Najua. Hizo zinakupa kiasi tu. Bosi anataka risiti nzima: tarehe, mteja, hadi aliyekuwa kaunta.

Nikampelekea. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Sasa nitolee kwa kila tawi, kwa kila mwezi. Hiyo ndiyo kazi hasa, eti?"

Hiyo ni kuongeza mwezi kwenye PARTITION BY, basi. Nimemwambia ni kazi nzito sana, avumilie hadi Ijumaa.