Sifa za Mtupaji wa Mwaka Mmoja

Watu husifiwa kwa kukusanya: mwenye ghala la korosho, mwenye mashua mbili, mwenye akiba benki. Anayetupa hasifiwi, na asiyesifiwa kuliko wote ni mtoto anayekaribia au aliyevuka kidogo mwaka wake wa kwanza. Huku pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na kuteremka hadi Kilambo ukingoni mwa Mto Ruvuma, nyumba zenye mtoto wa umri huo zina mashtaka yale yale. Kijiko cha uji kimeangushwa kutoka barazani, kimeokotwa, kimefutwa, kimerudishwa, kimeangushwa tena. Baada ya kijiko huja kikombe cha bati, kisha ndala ya baba, kisha simu ya mama ambayo deni lake halijaisha. Jirani anasema mtoto mtundu. Bibi mzaa mama anasema utundu huo haukutoka upande wake. Mimi nashika upande wa mshtakiwa. Nadai kwamba kutupa vitu ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa anazozifanya mtoto wa mwaka mmoja, na kwamba nyumba inayosumbuliwa nayo ina haki ya kujivuna.

Tuanze na mkono. Mtoto aliyezaliwa juzi ukimwekea kidole kiganjani hukikamata barabara, na wageni waliokuja kumwona husema huyu atakuwa nahodha. Kwa kweli hapo hana hiari: kiganja kikiguswa hujifunga chenyewe, na tabia hiyo hufifia kabla nusu mwaka haijaisha au karibu na hapo. Baadaye hushika kwa kutaka mwenyewe, hupitisha kitu mkono hadi mkono, na ifikapo miezi tisa au kumi huanza kuokota punje ya wali kwa kidole gumba na cha shahada. Kinachochelewa ni kuachia. Kufungua vidole kwa makusudi, mahali anapotaka na wakati anaoutaka, ni ustadi unaoanza kukaa sawa mwaka ukikaribia kutimia, na huendelea kunolewa baada yake. Nani wa pwani ataudharau ustadi huo? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na bingwa wake hutembea mchezo mzima kwa kuachia kete moja moja bila ya pili kuponyoka. Mvuvi naye hula kwa kujua ni wakati gani wa kuuachia mshipi. Lakini mtu mzima akitupa mshipi huitwa mtafutaji, na mtoto akitupa kijiko huitwa mharibifu.

Kutoka mkononi twende kichwani. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto wake mwenyewe na kutoa kitabu mwaka 1936. Humo anamweleza mwanawe Laurent, akiwa na miezi kumi na siku chache, aliyelala chali akanyoosha mkono na kuangusha kisanamu cha bata-maji, kisha kisanduku, kisha kingine, huku akibadili mahali pa kuangushia na kutazama matokeo. Baba mwingine angeita fujo. Piaget aliona jaribio, kwa kuwa mtoto hakurudia tendo lile lile tu, bali alibadilisha kitu kimoja ili aone kipi kitabadilika. Mtoto wa Msangamkuu, pwani hii hii, ana maabara iliyo tajiri zaidi. Kijiko kikianguka kwenye saruji hulia, kwenye mkeka hunyamaza, kwenye mchanga hulala kimya kikaacha alama. Kifuu kikitupwa ndani ya ndoo ya maji huelea. Kijiko kile kile huzama. Uji haulii hata kidogo, lakini husambaa. Ukiuliza kwa nini arudie mara ishirini, jibu ni kwamba jambo likitokea mara moja ni bahati, na likitokea kila mara ni kanuni. Sisi tuliokwisha kuipata kanuni hiyo bure tunamwona msumbufu kwa sababu yeye bado anaitafuta.

Ila mtazame vizuri mtupaji huyo: kijiko kikishafika chini, macho yake huinuka kuutafuta uso wa mtu. Anachunguza na watu pia: atacheka? atakunja uso? ataokota? Mwaka 2007 Felix Warneken na Michael Tomasello walitoa matokeo ya majaribio na watoto wa miezi 14. Mtu mzima aliangusha kitu, akanyoosha mkono asikifikie, na watoto walikuwa wakikiokota na kumpa bila kuahidiwa chochote. Majaribio hayo hayathibitishi kwamba kutupa ndiko kulikowafundisha wema. Yanaonyesha tu kwamba kati ya mtoto anayeangusha ili aokotewe na mtoto anayewaokotea wengine pana miezi miwili hivi. Mtu aliyeokotewa mara nyingi kiasi hicho walau ameiona kazi hiyo inavyofanywa.

Wapo watakaosema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini mtoto wa miezi 12 hajui bei ya simu, na katazo la asubuhi haliwezi kuuzuia mkono wake jioni. Ukimchapa, atakachojifunza upesi ni kuuogopa ule uso aliokuwa akiutafuta. Mwenye busara humbadilishia: simu iende juu ya kabati, yeye apewe mwiko, kifuu kilichosuguliwa na kopo la plastiki, na uji utiwe kidogo kidogo. Akianza kuumwaga wote, mara nyingi ameshiba na hana neno la kulisemea. Pingamizi la hatari ni zito zaidi, hasa msimu wa korosho. Punje nzima inaweza kumkaba, na ganda bichi lina mafuta yanayochoma ngozi. Hivyo visimfikie kabisa. Lakini hapo kosa si la kutupa, ni la kuokota na kutia mdomoni. Kilichotupwa kinaonekana na kila mtu. Kilichomezwa humpeleka mzazi hospitali ya Ligula usiku.

Kati ya chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, kadi ya kliniki hujazwa uzito wa mtoto, na haina safu ya vijiko vilivyoanguka. Safu hiyo imeachiwa migongo ya wanaookota, ambao kwa kawaida ni mama, bibi na dada wa kazi. Hapo ndipo penye lawama halali, nayo haimwangukii mtoto. Kama kutupa ni elimu, basi kuokota ni kulipa ada, na ada hiyo haiwezi kuwa ya wanawake peke yao wakati baba ameketi baraza hilo hilo akingoja zamu yake ya bao. Mgongo anao, muda anao, na ndala iliyotupwa ni yake.