Namna ya Kununua Nyumba Ukapewa Nduguye

Kabla hujasaini mkataba, pita kwanza Mlandege, hapa Unguja. Ingia duka la vitambaa, uulize kile cha kanzu ulichokiona kwa jirani yako Ijumaa iliyopita. Muuzaji atakutandazia kingine, na bila ya kupepesa macho atasema: "Ndicho hichohicho, sheikh, kampuni tu nyingine." Somo linaanzia hapo. Usikifikiche, usikitoe juani. Mtu aliyezoea kufikicha hafai kununua nyumba ambayo haijajengwa, maana nyumba hiyo bado ni picha, na picha haifikichiki.

Picha yenyewe itakuwa ya kupendeza: bahari, mnazi mmoja uliopinda kwa adabu, mlango wa msaji. Itazame mpaka ushibe, kisha funua kurasa upesiupesi mpaka pa kutia saini. Njiani utakipita kifungu kifupi kinachosema muuzaji anaweza kubadilisha vifaa "kwa vingine vyenye ubora unaolingana au unaokaribiana, kadiri itakavyolazimu". Kipite kimyakimya. Macho yakiteleza ukakisoma, basi angalau usiulize ni nani atakayeupima huo mlingano. Swali hilo huharibu chai ya ofisini.

Tusiwadhulumu wajenzi lakini. Unguja ni kisiwa. Nondo, marumaru na mabomba huvuka bahari, na mchanga wetu umeadimika hata serikali imelazimika kuudhibiti uchimbaji wake. Kontena likichelewa, fundi atakaa akihesabu mawimbi? Wazee wetu nao walibanwa na vifaa. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuwa ndefu. Aliyetaka sebule pana aliambiwa usoni kwamba boriti za hivyo hakuna, akajenga nyembamba au akaghairi. Hakuna aliyemuuzia pana kisha akamkabidhi inayokaribiana nayo.

Mbadala uliotuponza khasa ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa sifa. Kuta za mawe ya matumbawe zilizozoea chokaa zilipakwa saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu zaidi, na kigumu ndicho bora. Ukuta ukaziba pumzi. Unyevu na chumvi vikabaki ndani, plasta ikaanza kubanduka vipande kama ukoko. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia, na wahifadhi bado wanawasihi wenye nyumba warudie chokaa. Kwa hiyo ukiambiwa kilicholetwa ni bora kuliko ulichonunua, shukuru, wala usiulize bora kwa ukuta upi.

Shemeji yangu aliufuata mwongozo huu hatua kwa hatua. Mlango wake wa msaji ulifika ukiwa mbao za unga zilizogandishwa, juu yake ganda lenye picha ya msaji. Alipouliza akajibiwa: "Huu umeboreshwa, mjomba. Msaji unaliwa na mchwa." Msaji, mti ambao mchwa huupita mbali! Masika ya kwanza mlango ukavimba kama andazi. Haufungiki tangu hapo, na jirani wanamsifu kwa ukarimu, maana kila wakipita wanamkuta kafungua.

Kwenye bati, ukiandikiwa geji 28 ukaletewa 30, furahi, umeongezewa mbili. (Kwenye geji, namba ikipanda bati huwa jembamba. Usimwambie mtu.) Nondo ya milimita 12 ikigeuka ya 10, kilichopungua ni milimita mbili, utani mtupu. Fitina iko kwenye mizani: ile ya kwanza, kwa urefu wa mita 12, ina kilo kumi na zaidi kidogo, ya pili haifiki nane.

Jiepushe pia na kufanana na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyewahi kuichosha ofisi nzima ya mauzo. Alikuja na daftari. Alitaka kila kifaa kiandikwe kwa jina la mtengenezaji, unene wake na mti wake. Kibadilishwe kwa idhini yake ya maandishi tu, na kikiwa cha bei ndogo, tofauti irudi mkobani mwake. Sampuli zitiwe saini pande mbili. Fungu la mwisho la malipo alishike mwenyewe mpaka mkaguzi wake apite. Kijana wa mauzo akamkumbusha kwamba ipo Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010, hati yake ya kumiliki ataipata. "Hati nitaipata, mwanangu," akasema, "lakini mlango wa mti gani nitautafuta humu mkatabani, na humu haumo."

Kijana akashikilia kwamba kifungu hakifutiki, wateja wote wanakisaini. Bibi akasema vyema, basi na yeye aongezewe chake: mnunuzi atalipa kwa shilingi, au kwa kitu kingine chenye thamani inayolingana au inayokaribiana, kadiri itakavyolazimu.

Kijana akacheka. Bibi akafungua mkoba, akatoa kibaba cha mchele, akakiweka juu ya meza.

"Hii ni awamu ya kwanza," akasema. "Ndizo hizohizo, kampuni tu nyingine."